Nyuma ya Picha Kuna Nini?

Hebu fanya jaribio dogo kabla hujaendelea kusoma. Inuka, nenda sebuleni, ishushe ile picha yenu kubwa ya kanvasi iliyo juu ya kochi, ile ya harusi mliyoilipia kwa mbwembwe, halafu igeuze. Umeona nini? Kama nyumba yako inafanana na nyingi nilizotembelea mimi hapa Dar, utakuta pini zimepigwa kama vile aliyezipiga alikuwa anawahi daladala, kona zimevimba kama sambusa iliyofungwa vibaya, nyuzi zinaning'inia, vumbi, utando wa buibui, na pengine mayai mawili meupe ya mjusi. Mbele harusi, nyuma stoo!

Najua utasema, "Sasa nani anageuza picha ya watu?" Mume wangu alisema hivyohivyo, tena kwa ile sauti ya kufunga mjadala. Lakini jamani, nyuma ya kanvasi si mambo ya urembo tu. Picha ya kawaida ina kioo mbele na ubao nyuma, imelala humo kama mtoto aliyebebwa. Kanvasi haina hivyo. Ni kitambaa kilichowambwa juu ya mbao nne, kama ngoma, na kinachokishikilia ni pini za nyuma na mkono wa aliyezipiga. Nyuma ikiwa ya ovyo, mbele itafuata, subiri tu. Itaanza kulegea tumboni, kisha mstari wa ubao utajichora upande wa mbele, kona zitapinda, na siku moja saa nane za usiku utasikia puu!

Usiku baba alipoanguka

Sisi puu yetu ilikuja Aprili 2023, masika yamepamba moto, na haikutokea Dar. Ilitokea Muheza, nyumbani kwa mama mkwe.

Tulifunga ndoa Tanga, Desemba 2021. Katika picha zote za siku ile kuna moja ambayo kila mtu wa ukoo anaijua. Baba mkwe amerusha kichwa nyuma anacheka, koti liko begani, mkono wake mmoja umemshika mama. Kumbuka huyu ni mzee ambaye kwenye kila kitambulisho chake amekunja uso kama anadaiwa. Miezi minane baadaye, Agosti 2022, akafariki. Tukaipeleka picha hiyo kwenye duka moja mjini, jina tuliache, tukalipa, tukapewa kanvasi ya sentimita 60 kwa 90. Mbele ilikuwa safi kabisa. Tukaipeleka Muheza, ikatundikwa juu ya kabati la vyombo.

Ilidumu msimu mmoja wa mvua. Pini zilikuwa za chuma cha kawaida, zikala kutu. Kile kibati chenye meno cha kutundikia kilikuwa kimegongwa kwa misumari miwili mifupi kama punje za mchele, kikang'oka. Picha ikaporomoka juu ya kabati, kona moja ikachanika hadi begani kwa baba. Mama alikuwa peke yake nyumbani. Alitupigia alfajiri. Hakulalamika chochote kuhusu duka wala fedha. Alisema tu, "Baba yenu ameshuka."

Akaifunga picha kwenye kanga, akaiweka uvunguni. Baada ya hapo maneno yakaanza. Shangazi mmoja akauliza kama kuna jambo la msiba halikukamilishwa. Shemeji mwingine akasema watoto wa mjini wamemnunulia mzee kitu cha bei ya chini. Unajua maneno ya ukoo yanavyosafiri, yanafika Dar kabla ya basi! Na mwenzangu? Alinyamaza kimya. Nikiigusa habari ya picha anasema, "Achana nayo, ni picha tu," halafu anatoka kwenda barazani. Tulikaa wiki kadhaa hivyo, watu wawili ndani ya nyumba moja, na jambo moja lisilosemwa limekaa katikati yetu kwenye kochi.

Ibada ya kumbukumbu ya mwaka mmoja ilikuwa inakuja Agosti. Nikaamua kwamba baba atarudi ukutani, na safari hii nitajua mwenyewe kinachomshikilia.

Mkwe wangu ni fundi cherehani

Kuna kitu lazima ukijue kuhusu mama mkwe. Ni fundi cherehani, wa miaka na miaka. Ukimpelekea gauni hata la dukani, kitu cha kwanza anachofanya ni kuligeuza ndani nje. Anapitisha kidole kwenye pindo, anavuta mshono, anatazama kama nyuzi zimekatwa. Nje ya gauni hataki hata kuiangalia mpaka amalize ndani. Mwezi wa kwanza wa ndoa yangu alinigeuzia sketi niliyokuwa nimeivua nikaivute maji, akaishona upya pindo bila kuniambia neno. Kwa hiyo mimi nilikuwa na uhakika kwamba picha hii itageuzwa.

Nikamtafuta fundi wa fremu Kinondoni, mzee mmoja mtaratibu, akaniruhusu kukaa kwenye benchi lake Jumamosi mbili nione. Niliyoyapata pale ndiyo ninayokupa hapa, pamoja na mengine tuliyoyajua wenyewe tulipoanza kazi.

Kwanza, agiza kanvasi iliyochapwa bila kuwambwa. Waambie waikunje kwa mviringo kama mkeka, picha ikitazama nje. Ikitazama ndani, rangi inabanwa na inaweza kupasuka unapoikunjua. Halafu waambie waache kitambaa cha ziada. Hapa ndipo wengi wanapoponzwa, kwa sababu duka likikata kitambaa kwa kubania, nyuma haiwezi kuwa nzuri hata umwite nani. Sisi mbao zetu zilikuwa na unene wa sentimita 3.5. Nikahesabu: 3.5 za ubavuni, 3 za kugeukia nyuma, na 1 ya pindo. Jumla 7.5 kila upande. Kwa picha ya 60 kwa 90, kitambaa kinatakiwa kiwe 75 kwa 105.

Mbao nilichukua za paina, kavu, zilizonyooka. Ubao mbichi utajipinda, na ukijipinda picha nzima inakuwa kama kisahani. Mwombe seremala achonge ukingo wa ndani, ule unaotazama kitambaa, uteremke kidogo. Kanvasi iguse ukingo wa nje peke yake. Kama ubao ni bapa, kitambaa kitaulalia, na baada ya muda utaona mstari mbele, sambamba na fremu. Ukikutana na picha yenye mstari wa namna hiyo, usimlaumu mpiga picha.

Kabla ya kuwamba pima kona kwa kona. Fremu ya 60 kwa 90 iliyo sawasawa ina sentimita 108 na kidogo kila mshazari. Mishazari ikitofautiana, fremu imeenda upande, irekebishe sasa hivi. Mume wangu, aliyekuwa amekaa pembeni anajifanya anasoma simu, ndiye aliyeshika ncha ya pili ya futi kamba. Hakusema kitu. Mimi pia sikusema, nikaogopa nitamfukuza.

Pindo, kona na pini

Laza kanvasi kifudifudi juu ya shuka safi. Sasa, mafundi wengi huacha ukingo wa kitambaa ukiwa mbichi, wanapiga pini na kukata. Mimi nilikunja pindo la sentimita moja kwanza, kama pindo la sketi, ndipo nikapiga pini juu ya pindo hilo. Kitambaa hakichanui nyuzi, na pini inashika tabaka mbili. Kwenye kona kata pindo kwa mshazari ili lisirundikane. Usikate kitambaa cha kona yenyewe kinachozunguka ukingo! Ukikikata hapo, siku ya kuwamba upya huna pa kushika.

Pini ya kwanza inakwenda katikati ya ubao mrefu mmoja. Ya pili, katikati ya ubao unaoutazama, ukiwa umevuta. Halafu katikati ya zile fupi mbili. Kuanzia hapo unatoka katikati kuelekea kona, ukibadilisha upande kila baada ya pini mbili tatu. Ukianza konani na kwenda moja kwa moja hadi kona nyingine, utasukuma makunyanzi yote yakusubiri mwishoni. Pini zikae mshazari kidogo, kila baada ya sentimita 4 au 5. Zikikaa sambamba na nyuzi za mbao zinaweza kuupasua ubao, na zikiwa mshazari zinakamata nyuzi nyingi zaidi za kitambaa. Inayobaki imeinuka, igonge kwa nyundo mpaka ilale. Na kwa sisi watu wa pwani, tafadhali nunua pini zisizoshika kutu. Tofauti ya bei ni ndogo, na kutu ya pini moja inaweza kupenya kitambaa ikakuachia doa la kahawia ambalo halitoki.

Kona zikunje kama shuka la hospitali: bana kitambaa, kisukume ndani, kisha lalisha mkunjo juu ya ukingo. Mkunjo uangukie upande wa juu na wa chini wa picha, ubavuni pabaki laini, maana ubavu ndio anaouona mtu akiingia mlangoni. Kona ya kwanza ilinichukua dakika kumi. Ya tatu akaikunja mume wangu. Nilishangaa kweli. Akaniambia baba yake alimfundisha kutandika kitanda hivyohivyo kabla hajaenda shule ya bweni, na kwamba alikuwa anakirusha sarafu juu aone kama itaruka. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumsikia akimtaja baba yake tangu picha ianguke. Tukapiga pini zilizobaki tukiongea habari za mzee, mpaka giza likatukuta barazani.

Kufunika au kuacha wazi?

Hapa mafundi wanabishana, na mimi nina upande wangu.

Njia inayojulikana ni karatasi ya kaki. Unapaka gundi nyeupe ya mbao kuzunguka ubao, unailowanisha karatasi kwa maji kiasi kidogo, unailaza, na ikikauka inakaza yenyewe kama ngozi ya ngoma. Unaikata ndani ya ukingo wa fremu milimita 3 hivi ili isionekane ubavuni. Inapendeza, huo ndio ukweli. Kwa picha zenye kioo ni sawa kabisa. Lakini kwenye kanvasi, tena katika nyumba za Tanga, Dar au Unguja, karatasi iliyozibwa pande zote inanasa unyevu ndani, na karatasi nyingi za kaki zina asidi na huchakaa haraka. Ikitoboka mara moja tu, mende wameshapata hoteli. Selotepu ya kahawia ya maboksi ndiyo usiitaje kabisa. Joto likiipata inateleza, na gundi inabaki inanata na kukusanya uchafu.

Kuacha wazi nako kuna sababu zake. Hewa inapita, na zile kabari ndogo za konani, kama fremu yako inazo, unaweza kuzigonga kitambaa kikilegea. Ila vumbi na mijusi nao wanapita.

Mimi nachagua kitambaa cha pamba, chepesi, kinachopumua. Nilikuwa nimeshanunua bafta nyeupe. Basi jioni moja mume wangu akaingia chumbani, akafungua sanduku, akarudi na kipande cha kitenge. Sare ya harusi yetu! Ile waliyovaa upande wao wote, ya kijani na dhahabu. Kilikuwa kipande kilichobaki baada ya mama kushona shati la baba, lile lile aliloliweka chini ya koti katika picha. Akakiweka mezani akasema, "Kama nyuma ni muhimu hivyo, basi iwe hii." Huyu ndiye aliyekuwa ananiuliza nani anageuza picha!

Kitenge kina masharti yake. Kifue mara kadhaa mpaka maji yatoke meupe, la sivyo rangi itahamia ukutani siku ya unyevu. Kipige pasi, kikunje pindo pande zote, kikae ndani ya ukingo kwa nusu sentimita. Hakiigusi kanvasi, kwa sababu kati yao kuna unene wa ubao. Pande tatu nilizibana kwa pini, lakini upande wa chini niliubana kwa zile pini za ubaoni zenye kichwa bapa, ili siku nikitaka kufika kwenye kabari nifungue bila kuharibu. Kabari zenyewe nilizifunga kwa uzi wa kuvulia samaki na kuuzungusha kwenye skrubu ndogo. Kabari ikichomoka huanguka chini, ikajichomeka kati ya ubao na kitambaa, na mbele unaona nundu.

Kisha lebo. Usiandike kwa kalamu ya wino wala maka kwenye mgongo wa kanvasi, wino unaweza kupenya ukatokea mbele. Andika kwa penseli kwenye kadi, uishone au uibane kwenye ubao. Tuliandika jina la baba, tarehe, mahali, aliyepiga, na mwezi tuliowamba. Pia kwamba mkono ulio begani ni wa nani. Unacheka? Fungua albamu ya bibi yako uone ni watu wangapi unawajua.

Siku ya kumbukumbu

Tulifika Muheza jioni ya kuamkia ibada. Shikamoo zikapita, chai ikanywewa, shangazi yule yule yupo kwenye mkeka. Mama akaipokea picha ikiwa imefungwa kwenye shuka. Akaifungua, akaitazama mbele kidogo sana, kama mtu anayemsalimia anayemfahamu. Halafu akaigeuza.

Sebule yote ilinyamaza. Akapitisha kidole kwenye pindo, upande wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akabonyeza kona. Alipokifikia kitenge akaacha mkono pale. Akavaa miwani akasoma lebo, kimoyomoyo, midomo inacheza. Kisha akauliza, "Pindo hili nani kalikunja?"

"Mimi, mama."

"Na kona?"

Mume wangu akasema, "Mimi."

"Ya huku umeibana zaidi," akamwambia. "Lakini imekaa." Akaichukua picha, hakumwachia mtu, akaenda nayo chumbani kwake. Tulimsikia akiongea huko ndani kwa muda mrefu, na hakuna aliyemfuata.

Aliyeitundika ni mume wangu, kesho yake asubuhi kabla ya ibada. Tulikuwa tumefunga pete mbili za chuma kwenye mbao za ubavuni, theluthi moja kutoka juu, kwa skrubu za sentimita 2 ili zisitokeze mbele ya ubao wa 3.5. Waya ukapita katikati ukiwa umelegea kiasi, ili ukivutwa ubaki umejificha chini ya ukingo wa juu. Ukutani tulitoboa matundu mawili na kuweka skrubu ndani ya vile viplastiki vyake. Ukuta wa tofali za saruji hauaminiki kwa msumari mtupu. Na kona za chini tulibandika vipande vya spanji ngumu, picha ikae mbali na ukuta kidogo na hewa ipite nyuma. Ukuta uliopakwa rangi juzi usiupe picha, uache ukauke kwanza.

Masika ya 2024 tulipokwenda, nilifungua zile pini za chini. Hakuna kutu, hakuna mjusi. Kitambaa kilikuwa kimelegea kidogo upande wa kulia, nikagonga kabari mbili kwa nyundo ndogo, taratibu, mpaka kikakaza. Mama alisimama nyuma yangu muda wote akinishikia miwani yake.

Shangazi naye anataka ya kwake sasa, ya marehemu mumewe, ukubwa uleule, na nyuma amesema iwekwe kanga yake ya bluu. Ametuma picha kwa WhatsApp. Nimemjibu kwa heshima zote kwamba atafute faili lenyewe kwa aliyepiga, maana WhatsApp huibana picha. Kwa sentimita 60 kwa 90, mimi nataka pikseli kama 3,500 kwa 5,300.